Vitabu Vilivyofungiwa Kabatini: Mazungumzo juu ya Maktaba Ndogo

Jioni ya leo tumekusudia kuzungumza nanyi juu ya maktaba ndogo ya watu wote. Hatusemi juu ya zile za miji mikubwa, zenye ghorofa na makarani wengi, bali ile ya chumba kimoja, yenye vitabu mia mbili au mia tatu, na mtu mmoja wa kuitunza. Mtu huyo aghalabu ni mwalimu, au karani, au mzee aliyekwisha kustaafu, naye hapati mshahara kwa kazi hiyo.

Katika kutembea kwetu tumeona jambo ambalo huenda wengi wenu mmeliona pia. Twaingia chumbani, twaonyeshwa kabati zuri la kioo, na ndani yake vitabu vimesimama sawasawa kama askari katika gwaride, wala hapana hata kimoja kilichochakaa. Twauliza, “Je, watu huja kuazima?” Mtunzaji hutujibu kwa fahari, “Tangu viletwe havijapotea hata kimoja.” Na ufunguo u mfukoni mwake. Jibu hilo ndilo lililotuleta kusema nanyi leo, maana maktaba isiyopoteza kitabu hata kimoja kwa miaka mitano, twaweza kudhani bila ya kukosea sana kwamba haikuazimisha vitabu.

Lakini tusiwe wepesi wa kumlaumu mtu yule. Siku alipokabidhiwa vitabu, alitia sahihi kama atiavyo sahihi mtu aliyekabidhiwa viti na meza, akaambiwa kwamba kipoteacho atakilipa mwenyewe. Kitabu kimoja kizuri chaweza kumgharimu chakula cha siku nyingi. Basi afanye nini? Huona heri wanafunzi waondoke mikono mitupu kuliko watoto wake walale na njaa. Desturi mbaya imemfanya bawabu, naye alitakiwa awe mwenyeji wa kuwakaribisha watu.

Hofu hii si ya leo. Katika Ulaya ya zamani, kabla ya ufundi wa kupiga chapa, kitabu kimoja kiliandikwa kwa mkono kwa muda wa miezi, na thamani yake ilikuwa kubwa mno. Kwa hiyo vitabu vilitiwa minyororo, na msomaji hakuwa na budi kusoma pale pale vilipofungwa. Katika kanisa kuu la Hereford, Uingereza, vitabu na minyororo yake vingaliko hata sasa, watu huenda kuvitazama. Ukaja ufundi wa kupiga chapa, vitabu vikawa vingi, lakini mioyo ya watunzaji haikufunguliwa upesi kama minyororo. Bwana mmoja wa Bara Hindi, S. R. Ranganathan, aliyekuwa mwalimu wa hesabu kabla ya kuwa mtunza vitabu wa chuo kikuu cha Madras mwaka 1924, alitoa mwaka 1931 kitabu chenye kanuni tano za kazi hii. Kanuni ya kwanza yasema kwamba vitabu ni vya kutumiwa. Mtu aweza kucheka akisema, nani asiyejua hayo? Lakini na asimame mbele ya kabati lile la kioo, ataona kwamba kulijua jambo ni mbali na kulitenda.

Tena kuna mnyororo mwingine, nao ni kuchagua nani aingie. Maktaba ya McMillan ilifunguliwa Nairobi mwaka 1931, jengo la fahari lenye nguzo na simba wa mawe mlangoni. Na kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma. Sheria ile imekwisha kuondoka, na leo kila mtu huingia. Lakini katika vijiji vyetu wenyewe tumeona milango isiyoandikwa neno lolote juu yake, hali mwanamke hajazoea kuipita, wala mtoto mwenye miguu ya vumbi. Mtunzaji hakumkataza mtu, alimtazama tu kwa jicho la kuuliza, “Wataka nini hapa?” Na jicho lile latosha.

Katika Afrika ya Mashariki tulipata kuona njia nyingine. Ofisi iliyoitwa East African Literature Bureau ilianza kazi Nairobi mwaka 1948, ili kuzitumikia Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja. Mbali na kuchapisha vitabu, ilipeleka maktaba za masanduku mashambani, tena ikawaazimisha wasomaji kwa njia ya posta. Uzuri wa sanduku ni kwamba halikai mahali pamoja milele. Vitabu vikiisha kusomwa hapa, huenda kwingine, vikaja vingine. Baadaye nchi zetu zilijifanyia maktaba zao kwa sheria: Tanganyika mwaka 1963, na Kenya mwaka 1965, na maktaba kuu ya Dar es Salaam ilifunguliwa na Rais Nyerere mwezi wa Desemba mwaka 1967. Hata hivyo hekima ya sanduku ingali inafaa. Vijiji viwili vilivyo jirani vyaweza kupatana, kila baada ya miezi mitatu, hiki kipeleke vitabu hamsini kwa kile, na kile kwa hiki. Hapo wasomaji wa pande zote mbili watapata vitabu vipya, wala haikutumika hata senti moja ila ya mbebaji.

Sasa tuingie katika kazi yenyewe. Twataka mshike neno moja katika yote tutakayosema, nalo ni hili: madaftari na mihuri na kadi vimewekwa ili mtunzaji apate ujasiri wa kuazimisha. Mtu ajuaye kitabu kiko kwa nani, na kitarudi lini, hana sababu ya kukifungia.

Kwanza ni daftari la kuingizia vitabu. Kila kitabu kiingiacho hupewa nambari yake, 1, 2, 3, na kuendelea, nayo huandikwa daftarini pamoja na tarehe, jina la mtungaji, jina la kitabu, kimetoka wapi, na bei yake. Nambari ile ile huandikwa kitabuni kwa wino, na muhuri wa maktaba hupigwa mahali pawili: katika ukurasa wa jina, na katika ukurasa mwingine wa ndani ambao mtunzaji ameuchagua yeye, ukawa ni ule ule kwa vitabu vyote, mathalani ukurasa wa 25. Mwizi hung’oa ukurasa wa kwanza. Ule wa pili haujui. Nambari ya kitabu kilichopotea isipewe kitabu kingine kamwe, maana daftari likiisha kuchanganyika, hakuna awezaye kulitengeneza.

Pili ni kuvipanga. Wengi hupanga kwa urefu au kwa rangi, na kabati hupendeza macho, lakini mkulima atakaye kitabu cha kahawa atakitafuta hata jua lizame. Melvil Dewey wa Marekani alitoa mwaka 1876 mpango wa kugawa elimu yote katika mafungu kumi kwa tarakimu, na mpaka leo hutumika katika maktaba nyingi duniani. Dini ni 200, elimu ya viumbe na maumbile ni 500, ufundi ni 600, na ndani yake uganga ni 610 na kilimo ni 630. Historia na jiografia ni 900. Mtunzaji wa vitabu mia tatu hana haja ya kujua zaidi ya tarakimu tatu. Lakini ajihadhari na jambo moja. Mpango ule ulitungwa na mtu wa nchi nyingine, na ndani yake hadithi na mashairi ya lugha nyingi za Afrika yamesukumwa katika kipembe kimoja, 896. Katika maktaba ya kijiji chetu huenda nusu ya vitabu ni hivyo! Basi na avigawe kwa akili yake: hadithi mahali pake, mashairi mahali pake, vitabu vya watoto chini kabisa, mikono yao ifikapo. Mpango ni mtumishi wetu, hatukuajiriwa nao.

Sasa kuazimisha kwenyewe. Wengi wana daftari kubwa ambalo huandika jina la mtu, jina la kitabu na tarehe, kisha hupiga mstari kitabu kirudipo. Njia hii hufaa kwa wasomaji kumi. Wakifika hamsini, mtunzaji hana budi kufunua kurasa ishirini ili ajue nani amechelewa, na kwa kuwa ni kazi ya kuchosha, haifanyi. Iko njia iliyo bora, iitwayo kwa jina la Nina Browne, mtunza vitabu wa Marekani aliyeitunga mwishoni mwa karne ya 19. Ndani ya jalada la nyuma la kila kitabu hubandikwa mfuko mdogo wa karatasi ngumu, na mfukoni hutiwa kadi yenye nambari na jina la kitabu. Kila msomaji naye ana tikiti yake, ambayo pia ni mfuko mdogo, wenye jina lake na mahali akaapo. Aletapo kitabu mezani, mtunzaji huitoa kadi kitabuni, akaitia katika tikiti ya msomaji, na hizo mbili zikakaa pamoja katika sanduku dogo, nyuma ya kipande cha karatasi chenye tarehe ya kurudisha. Kisha hupiga tarehe ile ile katika karatasi iliyobandikwa kitabuni, msomaji aione. Basi. Kitabu kirudipo, kadi hurudi kitabuni na tikiti hurudi mkononi mwa mwenyewe.

Tazameni faida yake. Asubuhi yoyote mtunzaji hufungua sanduku, na kadi zilizo mbele kabisa ndizo za waliochelewa. Hana haja ya kutafuta. Na asiye na tikiti mkononi hawezi kuazima kingine mpaka arudishe cha kwanza, wala hapana ugomvi, kwa sababu tikiti yenyewe ndiyo isemayo. Mijini siku hizi kazi hii hufanywa na kompyuta, nayo ni nzuri sana; lakini palipo na umeme wa kukatikakatika, sanduku la kadi halizimiki. Mwenye ndugu seremala atalipata kwa bei ya urafiki, na maboksi ya viatu hutosha kwa kukata kadi.

Muda wa kuazima uwe gani? Sisi twaona majuma mawili kwa mji, na majuma matatu au manne kwa shamba, hasa wakati wa kulima na kuvuna. Msomaji wa kijijini husoma usiku, akiwa amechoka, kwa taa ambayo mafuta yake yana bei. Tena mara nyingi hasomi peke yake. Mwanafunzi humsomea mama yake asiyejua kusoma, na majirani huja kusikiliza. Kitabu hicho kimoja kilichoandikwa kuwa kimesomwa mara moja, kimesikilizwa na watu saba. Mtunzaji akiambiwa habari kama hizi aziandike pembeni, maana wakuu wanaotoa fedha hupenda kuona hesabu, na hesabu ya kadi peke yake humpunja.

Tumefika sasa penye uchungu wa kazi, nao ni waliochelewa. Wengine husema, na watozwe faini. Sisi hatukubali. Faini huwaumiza wasio na kitu, tena huwafundisha kuikimbia maktaba. Mtoto aliyechelewa siku tatu, akijua atadaiwa senti ambazo baba yake hana, hatarudisha kitabu siku ya nne. Atakificha darini, na yeye mwenyewe hatakuja tena. Kwa hiyo maktaba imepoteza kitabu, na msomaji pia. Wala haya si mawazo ya vijiji tu. Mji wa Chicago, Marekani, uliondoa faini za kuchelewesha vitabu mwaka 2019, na maktaba za mji wa New York zikafanya hivyo mwaka 2021, na huko Chicago vitabu vilivyokuwa vimefichwa majumbani kwa muda mrefu vilianza kurudi kwa wingi.

Badala ya faini twashauri mambo haya. Juma la kwanza la kuchelewa, ngojeni. Juma la pili, pelekeni neno kwa mwanafunzi akaaye jirani, nalo lisiwe neno la kushitaki, bali liwe hivi: “Kitabu kile kinangojwa na mtu mwingine.” Neno hili lina nguvu kuliko vitisho, maana hakuna mtu apendaye kuitwa mzuiaji wa riziki ya mwenziwe. Mwezi ukipita, mtunzaji aende mwenyewe, jioni, kama mgeni, asiende mbele ya watu. Na kama kitabu kimepotea kweli, mtu aweza kuleta kitabu kingine, au kufanya kazi ya siku moja ya kubandika majalada. Kuandika majina ya waliochelewa katika ubao wa barazani ni aibu ambayo haitasahauliwa, nasi twaomba isifanywe.

Lakini hayo yote hayataondoa hofu ya mtunzaji mpaka sahihi ile ya kwanza ibadilishwe. Hapa twasema na wazee wa halmashauri za maktaba, na wakuu wa shule. Andikeni katika daftari la mkutano, mkitia sahihi nyote, kwamba katika kila vitabu mia, vitabu vitano vikipotea au kuchakaa katika mwaka, mtunzaji hatadaiwa kitu. Idadi hiyo tumeikisia sisi wenyewe. Ninyi mwaweza kuandika nyingine. La muhimu ni kwamba iandikwe, na isomwe mbele yake. Duka hukubali kwamba sukari kidogo itamwagika katika kupima, na mwenye duka haifungi mizani kwa ajili hiyo. Na mwisho wa mwaka mtunzaji asiulizwe kwanza, “Vimepotea vingapi?” Aulizwe, “Vimetoka mara ngapi?” Mkiibadilisha hoja, mtaona kabati likifunguka lenyewe.

Saa za kufungua nazo zina hila yake. Maktaba ifunguliwayo saa tatu asubuhi mpaka saa nane, watu wakiwa shambani na watoto darasani, ni sawa na maktaba iliyofungwa. Afadhali saa mbili za jioni, mara tatu kwa juma, na siku ya gulio kutwa, kwa sababu watu wa mbali huja siku hiyo. Saa hizo zikitangazwa zishikwe. Aliyetembea maili nne akakuta kufuli, hatarudi, tena atawaambia wengine.

Juu ya kuvihifadhi vitabu hatutasema mengi. Rafu zisigusane na ukuta, kwa ajili ya unyevu na mchwa. Miguu ya kabati isimame katika mikebe yenye maji au mafuta machafu. Vitabu vifunguliwe na kupepewa kivulini mara kwa mara wakati wa masika, visianikwe juani, maana jua hukausha gundi na kugeuza karatasi kuwa manjano. Ukurasa uliochanika ubandikwe kwa karatasi nyembamba na gundi ya unga iliyopikwa siku ile ile. Utepe wa plastiki wa dukani huonekana safi leo, na baada ya miaka michache huacha doa lisilotoka. Kitabu chenye jalada lililopasuka kwa kusomwa sana kisionewe haya. Hicho ndicho cha kuagiza nakala ya pili.

Kuna na vile vya kuondolewa, ingawa mtunzaji huona uchungu. Kitabu cha dawa kilichopitwa na wakati chaweza kudhuru mtu. Kitabu cha kilimo kisifucho sumu iliyokwisha kupigwa marufuku kisiachwe rafuni. Lakini kitabu cha jiografia kisemacho kwamba Tanganyika iko chini ya udhamini wa Uingereza, msikitupe. Kihamisheni tu, kitoke katika jiografia kiende katika historia, nako kitafaa sana.

Mwisho ni kuhesabu. Mara moja kwa mwaka maktaba ifungwe siku mbili, na tangazo litolewe majuma mawili mbele. Mtu mmoja asome nambari daftarini, mwingine atazame rafuni, na wa tatu atazame sandukuni penye kadi. Kisichoonekana rafuni wala sandukuni kiwekewe alama kwa kalamu ya risasi, wala si kwa wino, maana vingi hurudi vyenyewe: shule zikifunguliwa, au mtu akihama nyumba akakikuta chini ya kitanda. Kikikosekana katika hesabu ya mwaka wa pili, hapo kipigwe mstari wa wino mwekundu, na tarehe iandikwe, na sahihi za watu wawili. Kisha mlango ufunguliwe asubuhi ya siku ya tatu, saa ile iliyotangazwa.